Uzi: Kupiga zana za kale kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe ukiwa umebaki nyumbani (Tanga, masika 2020)

#1 Tezo_na_Randa

Wakuu, salaam kwenu.

Ndege za abiria za kimataifa zimesitishwa tangu Aprili, dawa za filamu tulizozoea kuagiza haziji, shule zimefungwa tangu Machi, na ingawa huku hatukuwekewa amri ya kutotoka kama ndugu zetu wa Mombasa, wengi tumebaki ndani. Humo ndani ndimo zilimo zana: tezo (ya kuchongea mbao), keekee (ya kutobolea) na uta wake, randa za mbao, juba (patasi), chembeu za kalafati (kuziba maungio ya chombo), mbuzi za nazi, majembe yaliyolika hadi yakabaki nusu, visu vya kukatia mkonge. Naomba uzi huu uwe wa ufundi mtupu: mwanga, kamera, dawa, na namna ya kuishika zana yenyewe bila kuiharibu. Ubishi wa barakoa una nyuzi zake.

Naanza na mwanga, maana picha nyingi za zana huharibikia hapo kabla kamera haijaguswa.

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la Tanga linapita upande wa kaskazini kutwa nzima, kwa sababu tuko kama digrii 5 kusini ya ikweta. Kwa hiyo dirisha linalotazama kusini halipati jua la moja kwa moja kabisa. Hilo ndilo dirisha la kazi hii: mwanga wake ni laini na haurukiruki. Ikifika Novemba unahamia dirisha la kaskazini. Mwenye dirisha la mashariki peke yake afanye kazi baada ya saa saba mchana. Wa magharibi amalize kabla ya saa sita.

Meza ikae ubavuni mwa dirisha, mita moja hadi moja na nusu kutoka ukutani, mwanga uje kutoka pembeni. Upande wa pili simamisha kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye zana. Ukitaka kivuli kizito, ondoa boksi uweke kitambaa cheusi. Buibui kuukuu linafaa kuliko kadi nyeusi, kwa kuwa kadi inang'aa kidogo na kitambaa haking'ai.

Chuma kilichosuguliwa kinaonyesha chumba kizima juu yake. Ukiona mstari mweupe unaokata ubapa wa tezo, huo ni dirisha lenyewe. Wengi hukimbilia kufunga pazia. Haisaidii, mstari unabaki, ila unakuwa hafifu. Kinachotakiwa ni kuupanua mwanga: tundika chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili kati ya dirisha na meza, mstari ule unageuka kuwa mng'ao mpana unaofuata umbo la chuma. Halafu geuza zana kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye kamera. Geuza zana, acha mwanga ulipo.

Chini tandika kitambaa cha kijivu kisicho na maua. Shuka jeupe linarudisha mwanga hadi kwenye lenzi na kingo za zana nyeusi zinayeyuka. Mkeka una mistari, mtazamaji atasoma mkeka kwanza.

#2 Raskazone35

Ahsante kwa kuanzisha, mkuu. Naongeza ya kamera.

Lenzi ya mm 50 ya kawaida inasogelea hadi kama sentimita 45. Hapo fremu nzima inameza eneo la takriban sm 24 kwa 16: inatosha randa ndogo au kichwa cha tezo, ila ni pana mno kwa muhuri wa fundi, ile chapa iliyogongwa kwenye chuma. Kwa muhuri weka bomba la kurefusha la mm 25 nyuma ya lenzi. Lenzi ikiwa kwenye alama ya umbali usio na mwisho utapata nusu ya ukubwa halisi, yaani eneo la kama sm 7 kwa 5. Mwanga unaofika kwenye filamu unagawanyika kwa 2.25, ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili) na kidogo. Kamera inayopima kupitia lenzi imeshalihesabu hilo, usiongeze mara mbili. Anayepima kwa simu au mita ya mwanga ya mkononi ndiye wa kuongeza.

Mita inadhani kila kitu ni kijivu. Chuma cheusi juu ya kitambaa cheusi, mita itakudanganya ufungue mno na chuma kitoke kama bati: punguza stopu moja hadi moja na nusu. Juu ya karatasi nyeupe ni kinyume, ongeza moja na nusu. Njia ya haraka ni kupima kiganja chako kikiwa mahali pa zana, kwenye mwanga uleule, kisha kuongeza stopu moja. Kiganja, si mgongo wa mkono. Viganja vya watu havipishani sana.

Tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 linatosha. Ukifika f/22 (tundu dogo zaidi) kina cha eneo linaloonekana wazi kinaongezeka lakini ukali wa picha nzima unashuka.

Sasa lililo muhimu. Dirishani siku ya mawingu, f/11, filamu ya ISO 125 (kipimo cha wepesi wa filamu kwa mwanga), utafika sekunde kadhaa kirahisi. Ikizidi sekunde moja filamu inakuwa mvivu na muda wa mita hautoshi. FP4 Plus (filamu ya ISO 125): mita ikisema sekunde 4 mpe karibu 6, ikisema 10 mpe 18, ikisema 30 mpe 70 na ushee. HP5 Plus (ISO 400): 4 inakuwa 6, 10 inakuwa 20. Fomapan 100 ni balaa: sekunde 1 inakuwa 2, na 10 inakuwa 80. Mwenye Fomapan afungue tundu au asogee dirishani, asibishane nayo.

Zima feni. Meza inatikisika hata kama huioni. Tumia waya wa shata au kipima muda cha kamera, na subiri bodaboda ipite.

Ukipiga zana kutoka juu, kamera iwe sambamba na meza kabisa. Laza kioo kidogo mezani mahali pa zana, angalia kwenye kamera: lenzi ikijiona katikati ya fremu, umenyooka. Kioo cha mfukoni kinashinda pimamaji kwa kazi hii.

#3 Mgeni_wa_Mkanda

Wakuu shikamooni. Maswali mawili. Muhuri kwenye jembe hausomeki hata nikisogea vipi. Na je, nisugue kutu kwanza au nipige ilivyo?

#4 Keekee_Pwani

Marahaba mgeni. La kutu atakuja nalo Bi Kabati, usiguse msasa kabla hajafika.

Muhuri unasomwa kwa kivuli. Zima mwanga mwingine wote, funga dirisha, chukua tochi uilaze karibu sawa na chuma, nyuzi 10 hadi 15 tu kutoka kwenye uso, umbali wa nusu mita. Zungusha tochi kuzunguka zana taratibu ukitazama. Kuna upande mmoja herufi zitasimama ghafla, na upande mwingine zitapotea kabisa. Mara nyingi ni pale mwanga unapokatisha mistari mirefu ya herufi. Ukiupata, funga tochi hapohapo kwa kamba juu ya kopo. Usijaze chaki kwenye muhuri. Inasomeka vizuri, ndiyo, lakini haitoki tena kwenye kutu, na mwenye kuja kuangalia baadaye atadhani ni rangi ya kiwandani.

Kwenye majembe utakuta chapa ya mamba, au UFI ya kiwanda cha Ubungo. Visu na tupa za zamani zina Sheffield (Uingereza) au Solingen (Ujerumani). Ukikuta jembe halina chapa yoyote na lina mkia wa kuchomekwa kwenye mpini badala ya tundu, lipige kwa makini zaidi: huenda ni la mhunzi, na alama za nyundo ndizo muhuri wake. Alama hizo nazo zinataka tochi ya kulala.

Sasa ya zana zenyewe, kwa sababu naona watu wanapiga kila kitu kimelazwa chali kama samaki mnadani.

Keekee isipigwe bila uta. Pitisha kamba ya uta mzunguko mmoja kwenye mti wa keekee kama inavyofanya kazi, ndipo mtu aelewe. Piga fremu ya pili ya ncha ya chuma kwa ubavu na kwa mbele: ncha ni bapa na imenolewa kukwangua pande zote mbili, maana keekee inazunguka kwenda na kurudi. Anayedhani imepinda kwa bahati mbaya hajaiona ikifanya kazi. Ya tatu, kile kishikio cha juu, ndani ya shimo lake. Shimo lililochimbika upande mmoja linaonyesha fundi aliegemea upande gani.

Tezo ipigwe ubavu, usawa wa meza, ili pembe kati ya mpini na chuma ipimike, na mnoo uonekane uko upande gani. Fremu moja kutoka juu haionyeshi chochote kati ya hivyo. Randa ifunguliwe: mwili, ulimi wa chuma na kabari yake, vikae kwa mpangilio wa kuingia. Halafu pindua upige tumbo lake. Sehemu iliyolika mbele ya mdomo inaeleza miaka ya kazi kuliko mpini uliong'arishwa na viganja.

Chembeu za kalafati zinafanana mno kwa juu. Tofauti iko kwenye unene wa mdomo, na chembeu mdomo wake ni butu kwa makusudi, unasukuma pamba iliyolowa mafuta kwenye maungio ya ubao bila kuikata. Zipange midomo ikiangalia kamera, kitambaa cheusi nyuma, mwanga utoke juu. Mbuzi ya nazi nayo meno yapigwe kwa mbele namna hiyohiyo.

Visu vya mkonge vinadharauliwa kwa kuwa ni vingi. Huu ni mkoa ulioanza na miche 62 iliyofika hai, aliyoileta Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na visu hivi ndivyo vilivyoulisha mkonge kwenye mashine ya korona (ile ya kiwandani ya kutoa nyuzi, mtulie). Maji ya mkonge yana asidi: angalia vishimo vya kutu karibu na mpini, pale maji yalipokuwa yanatuama. Kisu cha mkonge na panga la shambani vinatofautishwa na vishimo hivyo mara nyingi kuliko umbo. Tochi ya kulala tena.

Kila fremu iwe na rula pembeni, usawa uleule na sehemu unayoipima. Rula ikikaa juu ya meza na sehemu inayopimwa iko sm 5 juu yake, kipimo ni cha uongo. Na jina liandikwe kama fundi anavyoliita huko lilikotoka, si kama kamusi.

#5 Kabati_la_Urithi

Nimefika. Jibu la kutu: piga ilivyo. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi, basi. Mafuta yasipakwe kabla ya picha. Chuma chenye mafuta kinatoa madoa meupe ya mng'ao hata chini ya chandarua, na mpini ukinywa mafuta unakuwa mweusi, haurudi. Kutu nyekundu ya unga inayotoka ukigusa ndiyo inayokula. Kutu nyeusi iliyoshikamana inalinda chuma. Ukisugua zote umefuta muhuri, alama za nyundo, na mara nyingine rangi ya kiwandani iliyobaki. Kupaka nta au mafuta kidogo kwa hifadhi kunafuata baada ya picha.

La pili ni la msimu huu, na nimeona watu wanalifanya: kunyunyizia zana za kuazima Jiki au sanitaiza. Tafadhali msifanye. Klorini inachimba vishimo kwenye chuma ndani ya saa chache na kutia mpini mabaka meupe. Sanitaiza ina spiriti, inayeyusha vanishi ya zamani ya shelaki, na ina gliserini inayobaki kama utelezi na kukamata vumbi.

Njia ni kusubiri. Majaribio ya maabara yaliyotolewa Machi 2020 yaliona virusi hai hadi saa 72 kwenye plastiki na chuma cha pua, saa 24 kwenye boksi, na saa 4 kwenye shaba. Zana ikija kutoka nyumba nyingine, iingize kwenye boksi, andika tarehe juu, iache siku tatu kamili, nne kama una nafasi. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuishika, uikaushe. Glavu za mpira kwenye mpini mkavu zinateleza, utaiangusha tezo mguuni.

Sanitaiza mkononi kisha ukagusa filamu au kioo cha lenzi, umeacha doa la gliserini. Siku ya kufungua mkanda, tumia sabuni na maji tu.

#6 Mgeni_wa_Mkanda

Ahsante sana Bi Kabati. Sasa tatizo ni dawa. Nina mikanda lakini D-76, devilopa yangu (dawa ya kutokeza picha kwenye filamu), imekwisha na studio hapa mjini hazisafishi tena nyeusi na nyeupe.

#7 DawaNaMaji

Mgeni, twende kwa hatua. Kwanza joto, kwa wenye dawa bado. Halafu kahawa, devilopa ya kujitengenezea, kwa wasio nayo.

Jedwali zote za muda wa devilopa zimeandikwa kwa maji ya digrii 20. Bomba la Tanga msimu huu linatoa 27 au 28. HP5 Plus kwenye ID-11 au D-76 iliyochanganywa 1+1 (sehemu moja dawa, moja maji) ni dakika 13 kwa digrii 20. Kwa 24 ni kama 9. FP4 Plus 1+1 ni dakika 11 kwa 20, kwa 24 kama 7 na nusu. Usilenge 20, utapoteza barafu na joto litapanda katikati ya kazi. Lenga 24.

Barafu haiingii kwenye dawa, inaingia kwenye beseni. Beseni la lita 8 kutoka 28 kushuka 24 linataka barafu kama gramu 300, ile ya vifuko inafaa, iache ndani ya kifuko chake. Devilopa, maji ya kusuuza na fiksa (dawa ya kuifanya picha isigeuke mwangani), vyote vikae kwenye beseni hilo nusu saa. Vyote. Devilopa ya 24 ikifuatiwa na maji ya bomba ya 28, jelatini iliyovimba inashtuka, na picha inaweza kutoka na mikunjo midogo kama ngozi iliyokauka. Filamu za siku hizi zinavumilia kiasi, lakini zikiwa na joto ni laini na zinakwaruzika kwa ukucha tu.

Umeme umekatika na barafu hakuna? Usipige muda mfupi. Chini ya dakika 5 unapata mabaka. Punguza ukali badala yake: ID-11 1+3 ni dakika 20 kwa digrii 20 kwa filamu zote mbili, kwa hiyo kwenye 28 inabaki kama 9 au 10. Huo ni muda unaoshikika.

Sasa kahawa. Kwa lita moja:

soda ya kufulia (kaboneti) isiyo na maji, gramu 54
vitamini C ya unga, gramu 16
kahawa ya unga ya papo hapo, gramu 40

Tanki la plastiki la mkanda mmoja wa mm 35 linataka mililita 290. Changanya 300: soda 16, vitamini 5 kasoro kidogo, kahawa 12. Kwa filamu ya ISO 400 ongeza chumvi ya mezani yenye madini joto gramu 3 kwenye hizo 300, la sivyo filamu nzima inafunikwa na ukungu wa kijivu. Filamu za 100 na 125 zinakwenda bila chumvi.

Kahawa ya bei nafuu ndiyo nzuri. Robusta ina asidi nyingi zaidi zinazofanya kazi hii kuliko arabika, na Africafe ya Bukoba inapatikana kila duka. Isiyo na kafeini nayo inakubali. Kafeini haina kazi hapa.

Mpangilio: soda kwanza kwenye maji, koroga mpaka maji yawe maangavu tena, yatapata joto kidogo. Kisha vitamini, itatoa povu. Kisha kahawa. Acha dakika 5 hadi 10 povu litulie, shusha joto kwenye beseni, tumia ndani ya nusu saa. Haitunziki.

Kwa digrii 20 ni dakika 15. Kwa 24 anza na 10. Geuza tanki mfululizo nusu dakika ya kwanza, kisha mara tatu kila dakika, na baada ya kila mzunguko ligonge mezani ili mapovu yaachie filamu. Mapovu yakibaki ni madoa ya duara.

Msichanganyie kwenye sufuria ya alumini! Soda inaila, inatoa gesi, na maji yanakuwa ya kijivu. Jagi la plastiki au bakuli la udongo.

Baada ya devilopa suuza kwa maji matupu mara tatu. Siki usitie: asidi ikikutana na soda iliyobaki ndani ya jelatini inatoa mapovu humohumo na kutoboa picha.

#8 Mgeni_wa_Mkanda

Dada, vitamini C imekwisha maduka ya dawa, watu wamenunua kwa ajili ya corona. Malimau je? Na soda ya kufulia siipati, magadi yanafaa?

#9 DawaNaMaji

Limau halifai. Maji yake yana vitamini C kama miligramu 40 hadi 50 kwa mililita 100. Gramu 16 zinataka zaidi ya lita 30 za maji ya limau, na asidi yake ingeua soda yote kabla hujaanza. Kunywa na tangawizi.

Vidonge vya kutafuna vina sukari na rangi. Vile vya kuchemka kwenye glasi vina asidi ya limau. Tafuta unga mtupu. Wauza vifaa vya kuoka na kutengeneza juisi huwa nao ukiisha kwa wauza dawa.

Magadi ya jikoni hayana kipimo. Ndani yake kuna kaboneti, bikaboneti, maji, chumvi na udongo, kila kipande na kiasi chake. Huwezi kurudia matokeo. Afadhali soda ya kuokea, ile ya bikaboneti tupu. Beking pauda imeshatiwa asidi, haifai. Itandaze kwenye sahani ya chuma cha pua, iingize kwenye oveni digrii 200 saa moja, ikoroge mara mbili. Inapoteza maji na gesi, inabaki asilimia 63 ya uzito. Kwa gramu 54 za kaboneti anza na 86. Ipime kabla na baada: ikiwa uzito haujashuka hadi hapo, rudisha. Mkaa nao unafanya kazi kwa kikaango cha chuma, ukikoroga na kungoja iache kurusha mvuke, ila mizani ndiyo itakayokuambia imeiva.

Na mizani iwe ya kusoma gramu moja. Kijiko cha chai cha kahawa kina uzito tofauti na cha soda, msinidanganye na vijiko.

#10 Raskazone35

Kabla hamjafika kwenye tanki: kupakia rili, kile kigurudumu kinachoshika filamu ndani ya tanki. Masika hii ndiyo inayowashinda watu kuliko kahawa.

Rili ya plastiki ikiwa na unyevu hata kidogo, filamu inanata katikati ya njia na kukunjika, na pale ilipokunjika inagusana na mzunguko wa jirani, dawa haipiti. Unapata doa la zambarau au jeupe lenye umbo la nusu mwezi. Kaushia rili juani au mbele ya feni nusu siku. Mfuko mweusi wa kubadilishia unatoa jasho mikono ikikaa dakika tano. Chumba kisicho na dirisha saa mbili usiku ni bora, choo cha ndani mara nyingi, ilimradi hakijaogewa jioni hiyo. Ziba chini ya mlango kwa taulo, kaa gizani dakika tano: ukiona mkono wako, mwanga unaingia.

Kata ncha ya filamu inyooke, kisha pogoa kona zake mbili ziwe mviringo. Ikinata usilazimishe. Toa mikono, futa jasho, rudi.

#11 Keekee_Pwani

Dada DawaNaMaji umeruka fiksa. Hiyo jikoni haipo.

#12 DawaNaMaji

Ni kweli, kaka. Maji ya chumvi yaliyosifiwa mitandaoni yanachukua siku nzima na zaidi na hayaaminiki. Mkanda ukishakwenda na picha za zana ambazo zimesharudishwa kwa wenyewe, usizijaribie hapo.

Fiksa inayofaa ni ile iitwayo hypo, yaani sodiamu thayosalfeti ya chembe, nayo watunza mabwawa ya kuogelea na wafuga samaki wa mapambo wanaitumia kuondoa klorini. Gramu 250 kwa lita. Kwa tanki letu, 75 kwenye mililita 300. Anza na maji ya digrii 40 hivi, kwa sababu chembe zikiyeyuka zinapooza maji sana.

Muda usiutoe kichwani. Chukua kipande cha ulimi wa filamu uliokata, kitumbukize kwenye fiksa mwangani, hesabu hadi kiwe wazi kabisa. Zidisha mara mbili, na kama ni hypo tupu, mara tatu. Ikikuchukua dakika 3 kuwa wazi, fiksa dakika 9. Siku muda wa kuwa wazi ukifika mara mbili ya ule wa kwanza, fiksa imechoka.

Kusuuza bila kumaliza tangi la maji: jaza, geuza mara 5, mwaga, jaza, geuza 10, mwaga, jaza, geuza 20, mwaga. Mwisho maji ya chupa au ya mvua yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita, maana maji ya kisima cha pwani yanaacha chokaa.

#13 Tezo_na_Randa

Nimeona hakuna aliyegusa vichujio vya rangi vya mbele ya lenzi. Kutu ni ya rangi ya chungwa, na filamu inatii. Kichujio chekundu kinaifanya kutu iwe nyeupe nyeupe (ongeza stopu 3), cha kijani kinaikoleza (ongeza 2). Kwa zana yenye kutu ya mabaka juu ya chuma cheusi, kijani ndicho changu: mabaka yanasimama. Ukitaka kuyazima ili muhuri usome, nyekundu au ya chungwa. Mpini wa mninga nao ni mwekundu, utafuata kutu, kumbuka hilo kabla ya kufurahi.

#14 Raskazone35

Kijani juu ya f/11 na ISO 125 dirishani, mkuu, hiyo ni sekunde 20 na kitu. Mimi naona HP5 kwa kazi ya vichujio, chembechembe zake nitazivumilia.

#15 Tezo_na_Randa

Chembechembe na kutu vinachanganyikana, Raska. Kwenye muhuri wa mm 3 hutajua kipi ni kipi. Zana haikimbii, iache sekunde 40.

#16 Kabati_la_Urithi

Mkikubaliana mtatuambia. Mkanda ukitoka tankini: utundikwe chumba kilichofungwa, kibanio kizito chini, feni izimwe kwa sababu ya vumbi. Masika uache usiku kucha. Ukionekana mkavu bado kingo zina unyevu, na ukiuingiza kwenye mfuko wa plastiki hapo unanata na kuacha mabaka ya mng'ao yasiyotoka. Kisha boksi linalofunga vizuri na vifuko vya silika. Ya bluu ikiwa ya waridi imejaa maji, ioke digrii 110 hadi 120 mpaka irudi bluu. Mchele hauwezi kazi hiyo. Lenzi zikae humohumo, kuvu inapenda gundi na vumbi vilevile inavyopenda jelatini.

Mikanda ambayo haijapigwa ikitoka kwenye friji ikae saa moja au mbili ndani ya kopo lake kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande unatua juu ya filamu.

#17 Mgeni_wa_Mkanda

Swali la mwisho. Fiksa iliyochoka namwaga wapi? Nyumba yetu ina kisima uani.

#18 DawaNaMaji

Si uani, wala mtaroni unaoishia baharini. Ina fedha. Kahawa mwaga chooni, haina neno. Fiksa ikusanye kwenye dumu la plastiki, tumbukiza sufi ya chuma cha kawaida, ile inayoota kutu, iache wiki mbili: chuma kinayeyuka na fedha inatua chini kama matope meusi. Zile waya za kusugulia sufuria zinazong'aa ni chuma cha pua, hazitafanya chochote. Matope yafungie kwenye kopo, uliandike jina na tarehe, lisikae karibu na vyombo vya kula. Kioevu kinachobaki kiache kwenye dumu lilelile hadi lijae.